Nyumba ya Kumi na Saba

Mwanangu Mize,

Mama yako yuko chumba cha pili anakufungia vyombo, na kila nikichovya kalamu namsikia akikuambia jambo jipya: usinunue samaki aliyelegea macho, usiache mtungi wa maji wazi, usimkatalie mkweo kazi ya kwanza atakayokupa hata kama ni ya kuchambua mchele usio na chuya. Hayo namwachia yeye. Mimi nimefunga kibanda changu cha saa tangu alasiri nikaketi hapa barazani, kwa sababu nina jambo moja ambalo mama yako hawezi kukuambia. Si lake. Ni langu.

Tangu ulipokuwa mdogo wa kubebwa begani ulikuwa ukiniuliza, "Baba, kisiwani kwenu tutakwenda lini?" Nilikujibu tutakwenda karafuu zikikomaa. Nikakujibu tutakwenda mvua za masika zikikatika. Mwaka mmoja nilikuambia saa ya stesheni imeharibika na mimi ndiye fundi wake, siwezi kuiacha, nawe ukaenda kuwaambia wenzako shuleni kwamba treni za Moshi haziendi bila baba yako. Ulipofika miaka kumi hivi ukaacha kuuliza. Niliiona siku uliyoacha. Nilishukuru, na hiyo ndiyo aibu ya kwanza ninayokuandikia leo.

Kesho unakwenda wewe. Khatib wako, mwashi aliyekuja kujenga maghala ya kahawa akaishia kuposa, anakupeleka Pemba, mahali nilipotoka zaidi ya miaka thelathini iliyopita na ambapo sijakanyaga tena. Mtapanda treni hadi Tanga, meli hadi Wete, kisha lori la kwenda kwao Mkoani. Na njia ya Wete kwenda Mkoani, ukitaka usitake, inapita Mtambile, mbele ya nyumba ya shangazi yako Mkasi.

Badala ya kukupeleka kisiwani nilikupa hadithi. Popo wakubwa kama kuku wanaoning'inia msituni. Ajuza kipofu wa Konde aliyenipapasa uso. Ng'ombe wa Chwale. Zote ni za kweli, Mize, na zote ni za safari moja. Nilikuwa nikikukatia vipande vyake kama mtu anayekata mkate huku ameficha upande ulioungua. Leo chukua mkate mzima.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mkasi alikuwa amenizidi miaka minne. Tulichangia mama, baba zetu walikuwa mbalimbali, na wote wawili walikwisha kufariki. Basi mtu mwenye haki ya kumwoza Mkasi hakuwa mimi. Alikuwa ndugu wa baba yake, Ami Faki, aliyeoa Kojani, kisiwa kidogo upande wa mashariki, akahamia huko. Bila Ami Faki kuketi mbele ya shehe na kusema "nimekuoza," ndoa haipo. Mchumba alikuwa kijana wa Chambani, jina lake Shaame. Mkasi alimpenda. Alikuwa hasemi, lakini akisikia sauti yake barabarani mkono wake ulikosea kusuka ukili wa mkeka, na Mkasi hakuwa mtu wa kukosea ukili. Mikeka yake ilikuwa ikiulizwa mpaka Chake.

Ami Faki alikwisha kuipokea posa. Iliyobaki ilikuwa siku. Na kwetu, siku ya arusi haipelekwi na upepo. Hutoka mtu wa nyumba ile, akaenda kwa miguu yake mlango kwa mlango, akapiga hodi, akasema kwa kinywa chake: "Mama anakusalimuni, mtoto ni wenu, siku ni fulani." Mwenye nyumba hujibu, "Tumepokea." Kisha mjumbe lazima ale au anywe kitu humo ndani, hata kama ni funda la maji, ili ijulikane kwamba neno limeingia nyumbani. Mtu aliyesikia habari za arusi sokoni haendi. Hata akiwa ndugu wa tumbo moja, atakaa kwake ajifanye hana habari.

Mama alinichagua mimi. Alichukua kamba ya ukili akaipiga mafundo kumi na saba, fundo moja nyumba moja, na kila jioni kwa juma zima alinikalisha akaniuliza. "Fundo la nne?" "Bi Time wa Kengeja." "Utamsalimu nani kwanza?" "Mumewe." "Mjinga wewe, mumewe ni kiziwi, ukianza naye mtapiga kelele mpaka magharibi. Anza na Bi Time." Kila nikitoka nyumba moja nilitakiwa nifungue fundo moja. Fundo la kumi na saba lilikuwa la Ami Faki, kwa sababu Kojani ilikuwa mwisho wa mzunguko. Mama akaniambia, "Hili ukilisahau, bora usirudi."

Nilitoka alfajiri nikiwa na kanzu mbili, moja ya njiani na moja ya kuingilia majumbani. Mize, sijui niseme vipi jinsi nilivyojiona. Nilikuwa sijawahi kuvuka Chake peke yangu. Msimu wa karafuu ulikuwa umeiva, kila uwanja umetandikwa majamvi mekundu, na harufu yake ilikuwa kali mpaka unaihisi kwenye meno. Huku Moshi, kahawa ikichanua na mvua za kwanza, watu husema mlima unanukia asmini. Ni kweli unanukia. Lakini harufu hiyo hukaa puani tu. Karafuu zilikaa kwenye nguo, kwenye maji ya kunywa, kwenye nywele za watoto. Mwaka wa kwanza nilipofika huku nilikuwa nikinusa shati langu la zamani kama kichaa, mpaka siku mama wa nyumba niliyopanga akalifua kwa sabuni ya mche bila kuniuliza.

Kengeja nilianza na Bi Time, kama nilivyofundishwa, lakini mumewe kiziwi akaniona nikinong'ona na mkewe akaingiwa na wivu. Akaja na mchi. Bi Time akamwambia kwa mikono, "Arusi! Arusi!" Yule mzee akadhani nimekuja kumuoa mkewe. Tuliposhindwa kabisa nilikimbilia jikoni nikatoka na sahani ya pilau baridi nikaielekeza kwake, akaelewa, akaniuliza kwa sauti ya kuamsha mtaa, "Ya nani?" Nilicheka njia nzima hadi Chambani.

Wete walinikataza kuondoka bila kuchuma. "Huku msimu huu mgeni hali mpaka apande," wakaniambia. Nikapanda mkarafuu kwa kanzu ya njiani, nikakaa juu kama kunguru, nikichuma vishada taratibu mno mpaka kijana mmoja wa chini akaniita, "Wa kusini! Unachuma au unazihesabu?" Kutoka kule juu niliona bahari pande mbili. Ndipo nilipojua kweli kwamba naishi kisiwani. Mtu anaweza kuzaliwa kisiwani asijue, akiwa kila siku anatazama mgongo wa mwenzake shambani.

Konde ndiko alikokuwa yule ajuza. Alikuwa haoni tangu utotoni. Nilipopiga hodi hakuniuliza jina. Alinikalisha mbele yake akapitisha vidole usoni kwangu, paji, pua, kidevu, akasema, "Wa Mtambile. Lakini pua hii ya nani?" Nikamwambia ya baba, mtu wa Mkoani. Akasema, "Haya, utaizoea." Akanipa shelisheli la nazi, nikala mpaka akanisikia nikihema, akacheka. Jioni ile nilipita ukingoni mwa msitu nikawaona wale popo wakiamka, mmoja mmoja, kama watu wanaofungua miavuli. Hicho ndicho kipande ulichokuwa ukikitaka kila ulipougua.

Nikateremka upande wa mashariki, Micheweni, mawe matupu na watu wanaocheka matamshi ya kusini. Mafundo yalibaki mawili, kisha moja. Siku zilikuwa zimenizidi. Nilikuwa na siku tano tu kabla ya arusi, na mwendo wa siku mbili kurudi nyumbani. Zilitosha. Ningeweza kufika kwa Ami Faki siku ile ile.

Lakini Chwale walikuwa wanacheza ng'ombe.

Hadithi ya ng'ombe unaijua. Zumari, wanawake wanaimba, dume limefungwa kamba ndefu, vijana wanaliingia na nguo mkononi, na hakuna anayeliua, ni kucheza tu. Nilikuambia niliingia uwanjani nikalikwepa mara tatu na watu wakanishangilia. Ni kweli. Sikukuambia kwamba nililala huko siku mbili. Siku ya kwanza nilikuwa mtazamaji. Siku ya pili msichana mmoja aliimba jina la kijiji changu kwa dharau, eti watu wa Mtambile wanajua kufuma mikeka tu, nikavaa kanzu yangu nzuri, ile ya majumbani, ili nionekane, nikaingia. Mara ya nne dume lilinishika. Sikuumia sana. Kanzu ilichanika kuanzia kwapa hadi pindo, na ile nyingine ilikuwa bado ina madoa ya utomvu wa Wete.

Basi asubuhi ya siku ya tatu nilisimama ufukweni nikitazama Kojani. Ipo karibu, Mize. Unaona moshi wa majiko, unasikia jogoo. Mwenye mtumbwi akaniambia, "Maji yamekupwa. Subiri mpaka adhuhuri nikuvushe." Kusubiri nusu siku, hilo tu. Lakini Ami Faki alikuwa mtu mkali wa adabu, na mimi sikuwa damu yake. Nilimwona jinsi atakavyonitazama kanzu, jinsi atakavyosema, "Huyu ndiye mjumbe wa mtoto wa ndugu yangu?" Alikuwapo pale mtu mmoja muuza pweza, anayevuka kwa miguu kwa njia anayoijua yeye katika maji mafupi. Nikamwambia, "Unamjua Mzee Faki?" Akasema, "Nani asiyemjua." Nikamwambia, "Mwambie arusi ya Mkasi ni Alhamisi." Akaitikia kwa kichwa, akaondoka na pweza wake begani.

Nami nikalifungua fundo la mwisho, nikageuka.

Njiani nilijiambia neno limefika, na la muhimu ni kufika. Unaona jinsi mtu anavyojua kujisemea. Nilipoingia nyumbani mama aliichukua ile kamba akaipitisha vidoleni, ikawa laini mwanzo hadi mwisho. Akaniuliza swali moja tu. "Kwa Ami Faki ulifika?"

"Nilifika, mama."

"Alikupa nini?"

Nikasema, "Kahawa."

Siku ya arusi watu walikuja. Bi Time na kiziwi wake walikuja, ajuza wa Konde alikuja juu ya punda. Watu wa Chambani walikuja na Shaame wao amevaa joho. Shehe akaketi. Tukamngoja Ami Faki mpaka adhuhuri, kisha mpaka alasiri. Baba yake Shaame akauliza kwa adabu, "Wali wa kumwoza amealikwa?" Mama akanitazama. Nikasimama mbele ya watu wote nikasema nimefika kwake, nimeingia ndani, nimekunywa kahawa yake. Mbele ya watu wote, mwanangu. Yule mzee akasema, "Basi wali yu hai, ameitwa, na hakuja. Hapo pana neno." Wakainuka. Mama aliwafuata hadi barabarani akiwaambia twendeni kwa kadhi, kadhi anaweza kuoza. Hawakugeuka. Ndugu wa baba akikataa kukuoza baada ya kuitwa kwa heshima, watu hawasemi ami ana makosa. Wanasema kuna jambo analolijua juu ya msichana.

Baadaye tukapata habari kutoka Kojani. Ami Faki alisema, "Mimi nimealikwa na muuza pweza. Nilikaa kwangu kungoja mtu wa mwenye arusi, hakuja." Alisema kweli tupu, na hakuna aliyemwamini, kwa sababu mimi nilikwisha kusema kahawa.

Jioni ile Mkasi aliniita. Alikuwa bado ana hina mikononi. Hakulia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Makame, mimi siulizi kwa ajili ya watu. N'ambie weye tu. Ulifika?"

Mlango ulikuwa wazi, Mize. Angenipiga, angenilaani, lakini asubuhi tungekwenda Kojani wote wawili, Ami Faki angekuja, na Shaame alikuwa bado hajapoa. Ilikuwa siku ya kwanza tu. Jambo lote lilikuwa bado linaweza kurudi.

Nikasema, "Nilifika, dada."

Akasema, "Basi yatosha. Watu wote waseme, mimi nna ndugu mmoja na hasemi uwongo."

Kutoka siku ile alinitetea. Kisimani, shambani, mazikoni, popote habari ilipozuka, yeye alisimama upande wangu. Hakumsemesha ami yake tena. Mama alimwomba akamwangukie, kwa kuwa posa nyingine zilikuja, mbili, na yule ndiye wa kumwoza. Akakataa. Akaambiwa basi aende kwa kadhi. Akasema haendi kuozwa kama mtu asiye na kwao. Posa zikaacha kuja. Mimi nilivumilia miezi minane kumtazama akifuma, kisha nikasema nakwenda Tanga kutafuta kazi. Alinifungia mkate wa mofa na samaki wa kukaanga, akanisindikiza hadi penye meli.

Tanga nilijifunza saa kwa Mhindi mmoja mzee, na reli ikanileta huku. Mengine unayajua. Unajua jinsi nilivyopanda Machame kutengeneza saa ya ukutani ya mchungaji nikamkuta mama yako amekuja kwa bibi yake kuchukua ndizi. Nimeipenda nchi hii. Nimezoea baridi yake, na mlima unaojificha siku tatu kisha ukatokea asubuhi kama haukwenda popote. Lakini sijawahi kukaa huku kama mtu aliyekuja. Nimekaa kama mtu aliyekimbia, na watu hudhani ni upole. Ulipokuwa ukivunja kitu ukaniletea vipande mwenyewe, nami nikakupa senti badala ya kukupiga, mama yako alisema nakudekeza. Nilikuwa namlipa mtoto kwa jambo ambalo mimi sikuliweza.

Kila mwaka shangazi yako huniandikia kwa mkono wa mwalimu wa chuo cha Kurani. Ile mikeka miwili unayolalia ni yake. Mwaka uliozaliwa, akaandika hivi, nakumbuka kila neno: "Ami Faki amekufa. Sikwenda kumzika. Watu wamenilaumu. Nimewaambia, ndugu yangu alikunywa kahawa nyumbani kwake naye akamkana, sizikani na mtu wa namna hiyo." Niliisoma stesheni, nimesimama. Garimoshi likaingia, likatoka, nami bado nimesimama.

Ungedhani hapo ningekwenda. Sikwenda. Nilikupa wewe jina la mama yetu, nikampelekea kanga, nikajiambia aliyekufa amekufa.

Sasa sikiliza ya juzijuzi. Siku Khatib alipokuja kula kwetu mara ya kwanza, wewe ukiwa jikoni unajifanya huna habari naye, aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Mtambile. Akasema, "Mtambile! Mama yangu ana mkeka wa Bi Mkasi wa Mtambile, hautandikwi ila siku ya Idi." Nikasema, "Ni dada yangu." Akaweka kijiko chini. "Bi Mkasi? Yule aliyekataliwa na ami yake?" Kisha, kwa kutaka kunifurahisha masikini, akaongeza, "Huko kwetu mpaka leo, mtu akiwa na roho mbaya wazee humwambia, wewe ni Faki wa Kojani."

Yule mzee aliyesema kweli amekuwa tusi. Watoto ambao hawakumwona wanatukanwa kwa jina lake, na wajukuu wake wapo Kojani, wanasikia.

Niliwaza nifanye nini. Nikawaza nikupe wewe barua umsomee shangazi yako, kwa kuwa yeye hajui kusoma. Nilianza hata kuiandika. Kisha tukaenda Machame kwa bibi yako, unakumbuka, siku ile ulipobaki na mama yako sokoni kuuza maziwa nami nikatangulia. Alikuja pale mtu mzima kutoka Masama, ameshika jani la isale, ambalo huku mtu hulileta akija kuomba msamaha. Kiangazi alikuwa ameugeuza mfereji wa maji usiku usifike kwenye migomba ya kihamba cha bibi yako, na lawama akamtupia jirani. Bibi hakumkaribisha kiti. Akamwambia, "Haya, sema." Yule bwana akasema. Bibi akamwambia, "Sema tena, masikio yangu ya uzee." Akasema tena. Bibi alisikia vizuri sana tangu mara ya kwanza, mimi namjua. Ndipo akalipokea jani, akaita aletewe maziwa mgando.

Yule mtu alipoondoka nikamwuliza, "Mama, na angemtuma mwanawe alilete?"

Akanitazama kama ananiona mpumbavu. "Ningempa mtoto ndizi ale. Jani ningempa ng'ombe."

Nikarudi nyumbani nikaichana ile barua. Mara ya kwanza nilimpa muuza pweza neno ambalo lilikuwa la miguu yangu. Mara ya pili nisimfanye mwanangu kuwa muuza pweza.

Kwa hiyo nimekata tikiti. Mama yako nilimwambia yote juzi. Aliacha kukunja nguo, akakaa kitandani, akasema, "Miaka ishirini na mbili nilikuwa nikidhani una mke kisiwani." Nikamwambia sina. Akasema, "Bora ungekuwa naye. Mke ningemshinda." Kisha akaenda kunitafutia kanzu safi. Hajanisemesha sana tangu hapo, lakini amenipigia pasi kanzu tatu.

Sikuandikii ili unisamehe, wewe hukukosewa. Nakuandikia kwa sababu kesho kutwa unaingia katika nchi ya watu ukiwa bibi arusi, na mimi nakuja nyuma yako na jambo linaloweza kukuchafulia furaha hiyo. Shangazi yako amekungoja tangu uzaliwe. Akinisikia, huenda akanifungia mlango, na huenda akakufungia wewe pamoja nami. Huenda wakwe zako wakauliza wameoa kwa nani. Nimefikiri ningoje mpaka uzoee, mwaka, miaka miwili. Lakini yeye amekwisha kuwa mtu mzima sana, na mimi nimekwisha kungoja vya kutosha kwa watu wawili. Nikitoka kwake nitavuka Kojani, kwa wajukuu wa Ami Faki, nikawaambie na wao, kisha nisimame penye watu wengi, Ijumaa, nikane nilichokisema mbele ya watu wengi.

Nilitaka ulijue jambo hili kwa kinywa changu kabla ya treni, hata kama kinywa chenyewe ni kalamu. Nimeshindwa kukuambia macho kwa macho. Kwake sitashindwa, au nikishindwa nitarudi kesho yake.

Ukimaliza kusoma usije barazani. Usiseme kitu leo. Asubuhi, stesheni, kama unaona tusafiri pamoja, nipe mzigo wako mmoja nikubebee, nami nitajua, nitakaa behewa lenu. Usiponipa, nitajua vilevile, na sitakununia. Nitapanda la nyuma, na Wete nitawaacha mtangulie siku mbili, uingie kwa wakwe zako bila mimi.

Chagua upendavyo, mwanangu. Kwenda, nitakwenda.

Baba yako,
Makame